Roma, China au Baghdad: dola ipi ilichangia zaidi ustaarabu?

Tuanze na kipimo kabla ya kupima. Neno tunalotumia, ustaarabu, limebeba Uarabu tumboni: kwa asili yake, kustaarabu ni kuishika desturi ya Waarabu. Lilipata nguvu katika pwani yetu karne ya 19, enzi za masultani wa Kiomani wa Zanzibar. Kabla ya hapo watu wa miji ya pwani walijivunia uungwana, na muungwana alikuwa mtu huru, mwenye nasaba inayojulikana na, akijaliwa, nyumba ya mawe. Kila moja ya maneno haya humkaribisha mtu sebuleni na kumwacha mwingine nje ya mlango. Ukiuliza dola ipi iliistaarabisha dunia, jibu linaweza kuwa limeshafichwa ndani ya swali.

Neno linalonisaidia zaidi ni hilo lingine, mchango. Watu wakichangishana kwa ajili ya harusi au msiba, hakuna anayeandikwa daftarini kwa mali aliyonayo nyumbani kwake. Kinachoandikwa ni kile kilichomfikia mweka hazina. Ndivyo nitakavyozipima dola hizi. Ukubwa wa jeshi na wingi wa makasri nauweka kando. Nauliza ni kitu gani kilitoka mikononi mwa dola kikatumiwa na watu ambao hawakuwahi kuwa raia wake, na kikaendelea kutumika baada ya yenyewe kuanguka.

Nimebakiza tatu: Roma, tangu Augustus aliposhika madaraka mwaka 27 KK, pamoja na tawi lake la mashariki lililodumu Constantinople hadi 1453, China, kuanzia Qin walioiunganisha mwaka 221 KK hadi nasaba ya Song, na ukhalifa wa Bani Abbasi, walioanza kutawala mwaka 750 na kuujenga mji wa Baghdad mwaka 762.

Kuziacha nyingine si kuzidharau. Uajemi ya kina Cyrus na Darius ilikuwa na barabara ya kifalme ya takriban kilomita 2,500 na tarishi wa kupokezana farasi miaka 500 kabla ya Kristo, na warithi wake wote walijifunza hapo. Mali ya Mansa Musa, aliyekwenda kuhiji mwaka 1324, iliikuza Timbuktu ikawa mji wa wanazuoni. Wamongolia walifungua njia kutoka China hadi Bahari Nyeusi, lakini hao hao ndio walioiteketeza Baghdad mwaka 1258. Kuhusu Uingereza, najua wengi wangeiweka juu kabisa. Mimi naona daftari lake halijafungwa: ni juzi tu, mwaka 2013, serikali yake ilipokubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 kwa mateso ya wakati wa Mau Mau. Wakati wa kuipima kwa utulivu bado haujafika, angalau kwetu sisi.

Wino na kitu cha kuandikia

Hapa Roma inaanza vizuri. Herufi unazozisoma sasa hivi ni zake. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na mashairi yetu ya kale yamehifadhiwa humo, lakini waandishi wa zamani walihangaika: Kiarabu hakina herufi yake ya p wala ch, na alama zake za irabu ni tatu wakati sisi tuna tano. Herufi za Kirumi, zilizoletwa na wamisionari na kuenezwa na wakoloni, zilikuta irabu zetu tano zikakaa kila moja mahali pake. Roma yenyewe ilikuwa imezipokea kupitia Waetruski kutoka kwa Wagiriki, nao Wagiriki walizitoa kwa Wafoinike. Hata hivyo Roma ndiyo iliyozieneza.

Ila herufi bila kitu cha kuandikia hazifiki mbali. Warumi waliandika juu ya mafunjo yaliyotoka Misri na juu ya ngozi za wanyama. Mafunjo yalitegemea vinamasi vya Nile, na ngozi inataka kundi zima la mifugo kwa kitabu kikubwa kimoja. China ndiyo iliyolimaliza tatizo hilo. Mwaka 105 BK Cai Lun, ofisa wa jumba la mfalme wa nasaba ya Han, alitoa taarifa ya namna ya kutengeneza karatasi kwa magome ya miti, nguo kuukuu na nyavu chakavu za kuvulia samaki. Vipande vya karatasi vya zamani kuliko yeye vimefukuliwa, kwa hiyo huenda alichofanya ni kuboresha kazi ya mafundi wasiojulikana. Siri yenyewe ni nyepesi: kokote kuliko na maji na matambara, karatasi inatengenezeka.

Kisha Wachina wakachapa. Gombo la Kibuddha lililopatikana Dunhuang lina tarehe ya mwaka 868, na lilichapwa kwa mbao zilizochongwa. Miaka ya 1040 fundi aitwaye Bi Sheng alitengeneza herufi za udongo wa kuchoma, moja moja, za kupangwa na kupanguliwa. Hiyo ni miaka 400 kabla ya Gutenberg, mchapaji wa Ujerumani.

Karatasi ilichukua miaka karibu 700 kufika Baghdad. Husimuliwa kwamba mafundi wa Kichina walitekwa katika vita vya Talas, kati ya Waarabu na Wachina, mwaka 751 wakaifundisha Samarkand, na kufikia mwaka 795 hivi Baghdad ilikuwa na kiwanda chake. Makarani wa khalifa Harun al-Rashid waliipenda kwa sababu ya kiofisi kabisa: maandishi ya kwenye ngozi yanaweza kukwanguliwa na kuandikwa upya, lakini karatasi ikikwanguliwa inaonekana. Mwishoni mwa karne ya 9 mwanajiografia al-Yaqubi aliandika kwamba mji huo ulikuwa na maduka zaidi ya 100 ya wauza vitabu. Katika kipengele hiki China inaongoza, na sioni wa kuikaribia.

Namna ya kutawala

Katika utawala Roma ina neno la kusema. Mwaka 212 kaisari Caracalla alitoa amri iliyowapa uraia karibu watu huru wote wa dola, kutoka Uingereza hadi Syria. Wapo wanaosema alitaka tu kuongeza walipa kodi, lakini amri ilipita, na Mwafrika wa Carthage akawa raia kama mwenyeji wa Roma. Kisha, kati ya mwaka 529 na 534, Justinian, kaisari wa Constantinople, aliamuru sheria za karne nyingi zikusanywe na kupangwa. Humo mna kanuni ambayo wakili yeyote anaijua: mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai, si wa anayekana. Mkusanyo huo ulifundishwa upya Bologna katika karne za kati, ukaingia kwenye sheria za Ufaransa na Ubelgiji, na kwa njia hiyo ukafika Congo na Burundi. Msemaji wa Kiswahili wa Bukavu anayefungua kesi ya mkataba anasimama juu ya msingi wa Justinian. Wa Mwanza au Kisumu yumo zaidi kwenye mila ya Kiingereza, ambayo ni mto mwingine.

China ilitoa kitu ambacho kila mzazi wa Afrika Mashariki anakijua kwa kukosa usingizi: mtihani wa taifa. Tangu mwanzoni mwa karne ya 7 hadi 1905, maofisa wa serikali walichaguliwa, kwa kiasi kilichopanda na kushuka, kwa mtihani wa maandishi. Wakati wa Song majina ya watahiniwa yalifunikwa, na majibu yalinakiliwa upya na makarani ili msahihishaji asimtambue mtu hata kwa mwandiko wake. Leo mtoto wetu anaandika namba kwenye karatasi ya mtihani badala ya jina lake, kwa wazo lile lile: anayesahihisha asijue huyu ni mtoto wa nani. Waingereza walipoanzisha mitihani ya kuajiri watumishi wa serikali katika miaka ya 1850, mfano wa China ulitajwa waziwazi katika mabishano yao. Mtihani huo wa China ulikuwa na kasoro kubwa. Wanawake hawakuruhusiwa, maskini hakuwa na muda wa kukariri vitabu vya wahenga kwa miaka 20, na aliyefaulu alikuwa bingwa wa insha zaidi kuliko wa mifereji. Lakini kusema hadharani kwamba cheo kitafutwe kwa kalamu, badala ya kurithiwa, ni hatua ambayo Roma haikuifikia.

Baghdad hapa inashindwa vibaya. Wana wawili wa Harun walipigana hadi mmoja akauawa mwaka 813. Kati ya 861 na 870 makhalifa wanne waliangamia mikononi mwa askari wao wenyewe. Kuanzia 945 khalifa alibaki na heshima ya jina huku wengine wakishika upanga. Anayetafuta somo la kuendesha nchi asiende huko.

Mawe na zege

Sitakaa sana hapa, kwa kuwa majengo hujisifu yenyewe. Kuba la Pantheon mjini Roma lina upana wa mita 43, limemwagwa kwa zege lisilo na chuma hata kimoja, na limesimama kwa takriban miaka 1,900. Mafundi walichanganya chokaa na majivu ya volkano, na kadiri kuba linavyopanda ndivyo walivyotumia mawe mepesi zaidi. China ilichimba Mfereji Mkuu, ambao njia yake ya kutoka Beijing hadi Hangzhou ni takriban kilomita 1,800, ili mchele wa kusini ulishe kaskazini. Mji wa duara wa khalifa al-Mansur, uliokuwa ajabu ya wakati wake, hauna hata ukuta mmoja uliobaki juu ya ardhi. Ulikuwa wa matofali ya udongo.

Elimu

Sasa tumefika mahali ambapo mji ule wa udongo unageuza hesabu yote.

Khalifa al-Ma'mun (813–833) na matajiri wa mji wake waliwalipa watu kutafsiri. Mkubwa wao, Hunayn ibn Ishaq, alikuwa Mkristo. Thabit ibn Qurra alikuwa Msabii wa Harran, mfuasi wa dini ya kale ya kuabudu nyota. Wengine walikuwa Waajemi, Wayahudi, Wahindi. Hunayn hakukaa na kitabu kimoja kibovu akakigeuza neno kwa neno. Alisafiri kutafuta nakala kadhaa za kazi moja ya Galen, tabibu wa Kigiriki, akazilinganisha, akaisawazisha matini ya Kigiriki kwanza, kisha akatafsiri maana ya sentensi nzima. Kila mtu aliyewahi kutafsiri kitu kwenda Kiswahili anajua ugumu wa kazi hiyo, na mimi humwonea fahari kama mtu wa ukoo wangu.

Katika mazingira hayo alifanya kazi Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Karibu mwaka 820 aliandika kitabu cha hesabu, na katika utangulizi alieleza kwamba amekikusudia kwa mahitaji ya watu: mirathi, wasia, kesi, biashara, kupima ardhi, kuchimba mifereji. Neno al-jabr katika kichwa chake ndilo aljebra yetu, na jina lake mwenyewe, likipitia Kilatini, limekuwa algoriti. Chukua swali lake maarufu: mraba ukijumlishwa na mara 10 ya ubavu wake, jumla ni 39, ubavu ni kiasi gani? Alichora mraba. Ile mara 10 akaigawa katika mistatili miwili, kila mmoja wa upana wa 5, akaibandika kwenye pande mbili. Kona moja ikabaki tupu, mraba wa 5 kwa 5, yaani 25. Akaijaza: 39 na 25 ni 64, ambayo ni mraba wa 8. Ondoa 5, ubavu ni 3. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuichora kwa kijiti mchangani na kuielewa bila fomyula yoyote.

Kitabu chake kingine kilieleza namba za Kihindi, mama wa hizi 0 hadi 9 tunazotumia. Mwanahisabati wa India Brahmagupta alikuwa ameshaweka kanuni za sifuri mwaka 628, na Baghdad haikudai kwamba ni zake, ilisema wazi ni hesabu ya Wahindi. Ikazipokea na kuzisafirisha. Karne ya 12 watafsiri wa Toledo walizigeuza kazi hizi kwa Kilatini. Mwaka 1202 Fibonacci wa Pisa, aliyefundishwa namba hizo akiwa kijana katika bandari ya Bugia, Algeria ya leo, akaandika kuzihubiri kwa wafanyabiashara wa Italia. Jaribu kuzidisha XLVII kwa XIX kwa namba za Kirumi, utaona kwa nini walizihitaji. Nasi kwa njia ya baharini tukapokea maneno yenyewe: sita, saba, tisa, ishirini, mia, elfu, hesabu, na sifuri.

Al-Razi, tabibu aliyesimamia hospitali huko Rayy na Baghdad, alieleza kwa makini tofauti kati ya ndui na surua, maradhi ambayo wengi waliyachanganya. Maandishi yake yalichapwa na kusomwa Ulaya hadi karne ya 18.

Lazima niseme ukweli mmoja unaopunguza sifa za makhalifa. Ibn al-Haytham, mkuu wa elimu ya mwanga, alifanya kazi Cairo chini ya Wafatimi, mahasimu wa Baghdad. Ibn Sina alikulia Bukhara na kuwatumikia watawala wengine. Dola ya Bani Abbasi ilikuwa imeshapasuka vipande, lakini lugha moja ya elimu, karatasi ya bei nafuu na desturi ya kulipia vitabu vilibaki vikifanya kazi. Kwangu hilo linaongeza uzito wa mchango: ulikuwa umeshaacha kumtegemea aliyeutoa.

Wachina nao walijua mengi. Mchanganyiko wa baruti umeandikwa kwenye kitabu chao cha vita cha mwaka 1044, na Shen Kuo alieleza sindano ya dira mwaka 1088. Vitu hivyo viligeuza dunia, ila vilitoka polepole, mkono kwa mkono. Pwani yetu ni shahidi. Sarafu za Song zimefukuliwa Zanzibar, na vyombo vya kauri vya China vilipachikwa kwenye nguzo za makaburi huko Kunduchi. Mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Ming. Halafu, baada ya 1433, safari zile kubwa za baharini za Zheng He, amiri wa meli za Ming, zikasimamishwa. Wachina walikuwa na mali isiyo na mfano nyumbani, na wakafunga mlango wenyewe.

Roma kwenye elimu ni dhaifu kuliko umaarufu wake. Galen na mwanafalaki Ptolemy waliishi chini yake, ila waliandika kwa Kigiriki na wakafuata mila ya Kigiriki. Kalenda ya Julius Caesar ya mwaka 45 KK, inayotuachia Julai na baadaye Agosti, ilipangwa kwa ushauri wa Sosigenes wa Alexandria.

Nani alilipa

Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo safi. Roma iliibomoa Jerusalem mwaka 70 na uchumi wake ulisukumwa na watumwa. Kuta na mifereji ya China ilichimbwa na wakulima walioswagwa kwa amri.

Ila deni la Baghdad linatugusa sisi moja kwa moja. Zanj ndilo jina ambalo Waarabu waliwaita watu weusi wa pwani ya Afrika Mashariki, na jina la Zanzibar linatokana na asili hiyo hiyo. Kwenye mabwawa ya kusini mwa Iraq, karibu na Basra, maelfu ya watumwa walioitwa Zanj walifanya kazi ya kukwangua tabaka la chumvi juu ya ardhi ili ilimike, kwa posho ya unga kidogo na tende. Mwaka 869 waliasi. Waliiteka Basra mwaka 871, wakajenga mji wao, al-Mukhtara, na iliwachukua majeshi ya khalifa hadi 883 kuwashinda. Miaka 14. Tukio hili liko ndani kabisa ya karne ile ile ya Hunayn na watafsiri wake. Hunayn mwenyewe alifariki mwaka 873, vita vikiendelea kusini. Fedha iliyonunua tafsiri na kodi iliyotoka kwenye mashamba zilipita kwenye hazina moja.

Ukitaka kuchagua

Kama unachotafuta ni sheria, uraia na ujenzi, chukua Roma bila kusita. Kama unamtafutia mwanao dola itakayomwonyesha kwamba fundi asiye na jina anaweza kuibadilisha dunia kwa nyavu chakavu, chukua China; na ikiwa unahesabu uvumbuzi mmoja mmoja, nayo itashinda.

Mimi, kwa kipimo cha mchango nilichokiweka mwanzo, natanguliza Baghdad, na China naiweka nyuma yake kwa hatua moja tu. Karatasi ilikuwa ya China, namba za India, tiba na jiometri za Wagiriki, utawala wa Kiajemi. Mji mmoja ulivikusanya vyote kwenye chungu kimoja, ukaongeza vyake, kisha ukaacha kifuniko wazi kwa Myahudi, Mkristo, Mhispania na mfanyabiashara wa Pisa. Roma ilitaka uwe Mrumi kwanza, na China haikuwa na haraka ya kukutafuta.

Ukiamua kuisoma, anza na mwaka 762, al-Mansur akichora duara la mji wake kando ya Tigris. Nenda polepole ukifika kwa al-Ma'mun. Na ukifikia mwaka 869 usikubali kitabu kinachoupitia kwa sentensi moja. Tafuta kingine kinachokaa mabwawani na watu wale, kinachosema walikula nini, walilala wapi na walidai nini, kwa sababu wao pia walitia kitu kwenye chungu kile, na hakuna aliyewaandika daftarini.